Fataki Moja Katika Tano

Majuma mawili yaliyopita nilitaja neno "fataki" katika mazungumzo yetu ya redioni, tena kwa kupita tu, maana siku ile nilikuwa nazungumzia jambo jingine. Hazikupita siku tatu nikapata barua ya msikilizaji mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam, ambaye kwa mwandiko na kwa hoja naona ni kijana. Anasema yeye akisikia fataki anawaza mambo mawili. La kwanza ni zile cheche za rangi zinazorushwa angani usiku wa mwaka mpya. La pili ni yule mzee mwenye gari anayewanyemelea wasichana wa shule, ambaye kampeni ya redioni ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilimbandika jina hilo likamganda. "Sasa, ndugu mtangazaji," ananiuliza, "fataki na bunduki wapi na wapi?"

Nilidhani nitamjibu kwa sentensi mbili. Nikaanza kupekua, na kupekua kukanifikisha mahali ambapo sikutegemea: mjini Moshi, mwaka 1915, mbele ya wanawake waliokusanywa kufumua risasi za bunduki tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Ndiyo maana leo nawaomba mnivumilie. Jibu limekuwa refu.

Tuanze na kitu chenyewe. Fataki ya bunduki ni kikofia kidogo cha shaba, hakizidi punje ya mahindi, ambacho ndani yake mmepakwa dawa kidogo sana inayolipuka ikigongwa. Unapofyatua bunduki, baruti haiwashwi na mtambo. Mtambo kazi yake ni kugonga fataki, fataki hutoa ulimi wa moto, moto hupenya kwenye tundu, ndipo baruti huwaka na kusukuma risasi. Unaweza kuwa na baruti safi, na risasi iliyonyooka, na jicho kali la kulenga, lakini fataki ikigoma unabaki umeshika rungu ghali.

Hilo nililijua nikiwa mtoto, kabla ya kujua kusoma vizuri. Babu yangu mzaa mama, wa Handeni, alikuwa na gobori lenye kibali. Hakuwa mwindaji wa kujisifu. Alikuwa mkulima wa mahindi anayegombana na nguruwe pori. Fataki alizinunua dukani Korogwe, zikiwa zimewekwa kwenye vikopo vya bati vya duara kama vile vya rangi ya viatu, ila vidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba kikopo. Mwenye duka alikuwa nazo za aina mbili, za bei ya juu na za bei ya chini, na babu angeweza kusimama pale nusu saa nzima. Alifungua kikopo, akamimina fataki kiganjani, akatazama kama shaba imepata ukijani, akatazama kama dawa iliyo ndani imepasuka au imekaa sawa, akazirudisha moja moja. Mwenye duka alikuwa anachoka, lakini hakuwa anasema neno, maana babu alikuwa mteja wa miaka mingi.

Msimu mmoja mvua zilikuwa mbaya na fedha hazikuwapo, babu akachukua za bei ya chini. Usiku wa tatu nguruwe wakaingia shambani. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika taa. Akalenga, akafyatua, nikasikia "tk". Basi. Nguruwe mkubwa akainua kichwa akatutazama. Nilitegemea babu ashushe gobori atie fataki nyingine, lakini hakushusha. Alibaki vile vile amelenga, midomo inacheza, anahesabu. Baadaye ndiyo akanieleza kwamba fataki mbovu ina tabia mbili: kuna ile inayokataa kabisa, na kuna ile inayochelewa, na inayochelewa ndiyo inayoua wenye bunduki, kwa sababu mtu huigeuza atazame kuna nini. Alipomaliza kuhesabu, nguruwe walikuwa wamemaliza matuta manne.

Asubuhi bibi alisema maneno ambayo familia yetu huyarudia mpaka leo kila mtu anaponunua kitu cha rahisi kikaharibika: "Umenunua bei, hukununua fataki."

Msidhani ni matatizo ya wazee wa Handeni pekee. Huko Marekani wako watu wengi wanaojaza upya risasi za bastola zao wenyewe, nyumbani, kwa sababu ya gharama. Ganda la shaba hutumika tena na tena, lakini fataki hufa mara moja, kwa hiyo kila safari lazima inunuliwe mpya. Kabla ya mwaka 2020 boksi la fataki 1,000 lilikuwa likiuzwa kwa dola thelathini na kitu. Ulipokuja ugonjwa wa Uviko, watu wakakimbilia kununua silaha na risasi, kampuni kongwe ya Remington ikafilisika mwaka huo huo wa 2020, na fataki zikaadimika mpaka boksi lile lile likavuka dola 100. Matajiri wale wakajikuta wanafanya kama babu yangu: wanasimama mbele ya fataki za aina wasiyoijua, kutoka nchi wasiyoizoea, wanajiuliza kama za bei nafuu zitawaka.

Sasa tuingie kwenye historia.

Kabla ya fataki kulikuwa na gumegume. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche juu ya baruti iliyowekwa wazi pembeni. Mvua ikinyesha, haiwaki. Upepo ukivuma, haiwaki. Na hata ikiwaka, kwanza hutoa mwako pembeni, kisha ndipo risasi itoke. Neno lile lile la gumegume ndilo wanawake wa pwani humpa mwanamume asiye na faida yoyote nyumbani, nami nadhani aliyekwisha kuishika bunduki ile hahitaji kuelezwa zaidi.

Aliyeleta mabadiliko hakuwa jenerali bali mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth wa kijiji cha Belhelvie, aliyependa kuwinda ndege. Inasemwa kwamba ndege wake waliuona ule mwako wa pembeni wakaruka kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1800 mwanakemia Mwingereza, Edward Howard, alikuwa ameeleza habari za fulminati ya zebaki, unga unaolipuka kwa kugongwa. Forsyth akafanya kazi na unga wa namna hiyo mpaka mwaka 1807 akapata hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Wengine wakaja wakautia unga ndani ya kikofia cha shaba, na kuanzia miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yakawa yanatupa magumegume yao na kushika bunduki za fataki.

Zile zilizotupwa zilikwenda wapi? Zilikuja kwetu. Na miaka ya 1860, Ulaya ilipohamia kwenye bunduki za kupakiwa kwa nyuma, zile za fataki nazo zikafuata njia hiyo hiyo, kwa majahazi na meli, hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zinazoingia Afrika Mashariki zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kila mwaka. Pembe zilikwenda, bunduki zilirudi, na watu walitembea katikati wakiwa na minyororo shingoni.

Hapo ndipo wakubwa wakakaa kikao. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar yenyewe, yalitia saini Mkataba wa Brussels. Nia iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na siwezi kusema kwamba ilikuwa uongo mtupu, maana bunduki na utumwa vilikuwa mapacha. Lakini tazameni walivyoandika mintarafu ya silaha. Walichora mstari kwenye ramani, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, na ndani ya eneo hilo wakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Someni tena hapo. Mwaka 1890, miaka zaidi ya themanini tangu yule mchungaji alipomaliza kazi yake, Ulaya iliafikiana kwamba Mwafrika arudishwe kwenye jiwe. Kikofia kile cha shaba ndicho kilichokuwa mpaka. Upande huu wa fataki mtu ni raia wa kutawaliwa, upande wa pili ni mtu wa kuogopwa. Babu zetu walipoinuka katika Majimaji mwaka 1905, wengi walikuwa na mikuki na magobori, na tunajua kilichowapata mbele ya bunduki za rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu.

Haya, tusogee mpaka Vita Kuu ya Kwanza, ndipo tufike Moshi.

Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani hapa nchini lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na wengi wao walikuwa wamepewa bunduki ya mtindo wa mwaka 1871, inayotumia baruti ya moshi. Askari akipiga risasi moja, wingu jeupe linaonyesha alipojificha. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amezingirwa na manowari za Kiingereza baharini, na hakuwa na kiwanda chochote cha risasi. Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga wakashindwa vibaya, wakaacha nyuma bunduki za kutosha kampuni tatu na risasi zaidi ya nusu milioni. Hiyo ilikuwa bahati. Lakini Januari 1915, katika mapigano ya siku mbili ya Jasini, mpakani kabisa na Kenya, Wajerumani walitumia risasi 200,000. Lettow alishinda, kisha akapiga hesabu, akaona kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu, basi. Baada ya hapo angebaki na mapanga.

Wakati yeye anapiga hesabu hiyo, meli ilikuwa inaandaliwa Ujerumani. Ilikuwa meli ya Kiingereza iitwayo Rubens, iliyokamatwa bandarini Hamburg vita vilipoanza, ikapakwa rangi upya na kupewa jina la Kidenmark, Kronborg. Iliondoka Februari 1915, ikazunguka mbali kaskazini kukwepa Waingereza, ikashuka Atlantiki yote, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, na katikati ya Aprili ikatokeza karibu na Tanga. Ilibeba makaa ya mawe ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na pamoja nayo bunduki mpya zaidi ya elfu moja na risasi kwa mamilioni.

Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta na kuifukuza mpaka ndani ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha, Carl Christiansen, akaiingiza kwenye maji mafupi, akaiacha izame mpaka ikae chini, na moto ukawashwa sitahani ili kwa mbali ionekane inateketea. Hyacinth ikaipiga mizinga, ikaridhika, ikaondoka. Makaa hayakufika Rufiji kamwe. Lakini risasi zilikuwa chini, ndani ya matumbo ya meli, na matumbo yamejaa maji. Moto haukuzigusa.

Wazamiaji wakaanza kuzitoa, kreti baada ya kreti. Nimewahi kufika Manza. Ni mahali patulivu, mikoko imejaa, na mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba hapo vita viliongezewa miaka mitatu na nusu. Kutoka Manza shehena ikachukuliwa hadi kwenye reli ya Tanga, na kwa reli ikapanda mpaka mwisho wa njia, Moshi mpya, yaani mji uliokua pale stesheni.

Hapo ndipo tatizo la babu yangu likamfika jenerali wa Kijerumani.

Risasi zilionekana nzima. Ganda linang'aa, kichwa kimekaa. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwa taratibu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo baruti na fataki zilivyozidi kuharibika. Leo inalipuka, kesho inagoma. Lettow mwenyewe anaeleza jambo hili katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1920, kwa sentensi chache tu. Anasema haikuwapo njia nyingine ila kuzifumua risasi zote, kusafisha baruti, na kubadilisha baadhi ya fataki. Kwa bahati fataki zilipatikana humu humu nchini, ingawa hazikuwa za mtindo ule ule. Kisha anasema kwamba kwa miezi kadhaa askari wote, maboi na wanawake walioweza kupatikana Moshi walifanya kazi hiyo, tangu asubuhi na mapema mpaka jioni.

"Walioweza kupatikana." Hayo ndiyo maneno yake ukiyatoa kwenye lugha yake. Mtu hupatikana kama kuku anavyopatikana.

Nawaomba mfikirie kazi yenyewe. Risasi ya bunduki ile ya Mauser ina sehemu nne: ganda, kichwa, baruti, fataki. Kwanza unang'oa kichwa kilichobanwa na mashine ya kiwanda. Unamwaga baruti, ambayo ni vijipande vidogo vya rangi ya kijivu, unaianika na kuisafisha. Halafu ije fataki, na hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo penye ugumu wenyewe.

Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja kivyake, walibuni namna ya kuweka fataki katika ganda la shaba. Mmoja alikuwa Mmarekani, Hiram Berdan. Mwingine Mwingereza, Edward Boxer. Fataki ili ilipuke lazima igongwe juu ya kitu kigumu, kama chuma kinavyogongwa juu ya fuawe ya mhunzi. Boxer alikiweka kijifuawe ndani ya fataki yenyewe, na chini ya ganda akaacha tundu moja katikati. Berdan alikifanya kijifuawe kuwa sehemu ya ganda, na pembeni yake akatoboa vitundu viwili vidogo. Kwa mpigaji hakuna tofauti. Kwa mtu anayetaka kutumia ganda tena, tofauti ni kubwa mno: fataki ya Boxer unaisukuma kutoka ndani kwa kijiti kimoja kilichonyooka, ikaanguka. Ya Berdan haina mahali pa kusukumwa, kwa sababu katikati pamezibwa na fuawe. Itabidi uichokonoe kutoka nje. Cha ajabu ni kwamba Wamarekani waliupenda mtindo wa Mwingereza, na Ulaya ikaupenda ule wa Mmarekani, na ndiyo maana hao wajazaji wa bastola niliowataja wanapata urahisi hadi leo.

Risasi za jeshi la Ujerumani zilikuwa za Berdan.

Kwa hiyo mwanamke wa Moshi aliyepewa risasi yenye fataki ya kubadilishwa alikuwa anachokonoa kwa nje kitu ambacho kimetengenezwa makusudi kilipuke kikiguswa vibaya. Nyingine zimeoza kwa chumvi, hazina madhara. Nyingine ziko hai. Ukitazama huwezi kujua ipi ni ipi. Sijaona popote palipoandikwa majina ya waliokatika vidole.

Na hizo fataki mbadala? Wazungu wa mashamba na wawindaji wa siku zile walikuwa na desturi ya kujaza wenyewe risasi za kuwindia, na magobori ya wenyeji yalikuwa bado yanatumia vikofia. Fataki haibadilishwi ovyo. Ikiwa kubwa kwa nywele moja haiingii shimoni. Ikiwa ndogo inalegea, moshi na moto unamrudia mpigaji usoni. Ukuta wake ukiwa mnene, pigo la bunduki halitoshi. Ukiwa mwembamba, hupasuka. Babu alikuwa na duka zima la kuchagua, tena akichelewa kurudi nyumbani anagombezwa na bibi tu. Wale wa Moshi waliletewa zilizopatikana.

Basi zikajazwa, kisha zikajaribiwa. Matokeo yake Lettow ameyaandika waziwazi, nami namsifu kwa hilo, maana majenerali wengi huficha. Risasi ambazo hazikuguswa na maji zilitengwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Katika zilizojazwa upya, fungu ambalo takriban asilimia 20 ziligoma lilihesabiwa kuwa zuri, likapelekwa vitani. Lililogoma zaidi ya hapo likawa la mazoezi.

Asilimia 20 maana yake ni moja katika tano. Bunduki ya Mauser hubeba risasi tano. Kwa hiyo askari wa Kinyamwezi, au Msukuma, au Mmanyema, aliyekuwa amelala kichakani na adui yuko hatua hamsini, alijua kwamba kwa wastani kila akijaza bunduki yake, humo ndani imo moja inayosema "tk". Hajui ni ya ngapi. Na ile ya kuchelewa, je? Babu yangu alikuwa na nafasi ya kusimama ahesabu mbele ya nguruwe. Askari hakuwa nayo. Alivuta komeo, akaitupa nje, akaomba Mungu isilipukie miguuni.

Wengine mtauliza kwa nini bombomu zipewe zile safi. Si upendeleo. Bunduki ya rashasha ya Maxim hujiendesha kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Moja ikigoma, bunduki nzima inasimama mpaka mtu aivute kwa mkono. Askari mwenye Mauser hujivutia mwenyewe komeo, kwa hiyo kwake kugoma ni hasara ya nukta chache. Kwa hesabu ya kijeshi uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa hesabu ya yule aliyelala kichakani sijui.

Vitabu vingi vimeandikwa kumsifu Lettow-Vorbeck. Nimesoma baadhi, na nimeona wanavyopenda kueleza jinsi koloni lilivyojitegemea: viatu vya ngozi vilivyoshonwa humu humu, nguo zilizofumwa, dawa ya kwinini iliyotengenezwa kule Amani milimani Usambara. Ni kweli, yalikuwa maarifa makubwa. Lakini habari za Moshi hupewa mistari miwili au mitatu, au hurukwa kabisa. Wakati ukweli ni kwamba bila risasi zile hakuna hadithi ya kusimulia. Kumbukeni hesabu ya Jasini: vita vitatu tu, basi. Machi 1916 majeshi ya Jan Smuts yaliingia Moshi, na mwezi huo huo meli ya pili, Marie, ikafika ghuba ya Sudi karibu na Lindi na shehena nyingine, ambayo ilipandishwa bara vichwani mwa wapagazi. Lakini kwa takriban mwaka mzima katikati, jeshi liliishi kwa mikono ya Moshi.

Na liliishi kwa ajili ya nini? Hapa wengine hamtakubaliana nami, na barua zenu nitazipokea. Mimi naona risasi zile hazikutuokoa sisi na chochote. Zilirefusha ugomvi wa watu wawili wanaogombea nyumba isiyo yao. Vita viliendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918, Lettow aliposalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, akiwa na askari ambao wengi wao walishika bunduki walizoteka kwa Wareno na Waingereza, kwa sababu zile za Kijerumani zilikuwa zimekwisha kazi kwa kukosa risasi. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufikia 95,000. Jina la Kariakoo letu hapa mjini limetokana na kambi yao. Upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa makini, na wanavijiji waliokufa kwa njaa baada ya majeshi yote mawili kupita na kumaliza ghala, hao ndio kabisa.

Miaka 25 ilitenganisha Brussels na Moshi. Mwaka 1890 fataki ilikuwa kitu cha hatari mno kuachwa mkononi mwa Mwafrika, mpaka ikatungiwa sheria ya kimataifa. Mwaka 1915 ilipooza, haikuonekana mikono mingine ya kuiponya ila hiyo hiyo. Na sheria haikufutwa. Wale wanawake walijaza risasi mchana kutwa kwa serikali ambayo isingemruhusu mume wa yeyote kati yao kununua moja dukani.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Jambo jema, hata kama lilichelewa kama fataki mbovu. Malipo yale yalikuwa ya askari. Aliyekaa Moshi na koleo na risasi iliyooza hakuwa na cheo, hakuwa na namba, wala hakuwa na kipande cha sare cha kuonyesha dirishani.

Kijana uliyeniandikia, fataki na bunduki ndiyo hapo na hapo.

Nina ombi moja. Moshi ya mwaka 1915 haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mtoto wa mwanamke yule angeweza kuwa babu au bibi wa msomaji wa gazeti hili. Kama katika familia yenu, iwe Moshi, Machame, Marangu, Kahe au popote walikotawanyikia, kuna habari ya mzee aliyepata kusimulia kwamba alikuwa anafumua risasi za Mjerumani pale stesheni, au bibi aliyekuwa na kidole pungufu na hakueleza kwa nini, niandikieni kupitia gazeti hili. Msiogope mwandiko mbaya. Nitasoma barua zote, na zile zenye habari nitazisoma redioni.